Mpanama kwenye rekodi ya Amerika Kusini: namna ya kuisoma safari ya Alonso Edward

Fungua orodha ya rekodi za riadha za Amerika Kusini, tafuta mita 200 wanaume, na utakuta jina la mtu wa Amerika ya Kati. Alonso Edward alizaliwa Jiji la Panama tarehe 8 Desemba 1989. Muda wake wa sekunde 19.81, alioukimbia Berlin tarehe 20 Agosti 2009, uliifuta rekodi ya 19.89 ya Claudinei da Silva wa Brazili, iliyokuwa imedumu tangu 1999. Anayekutana na habari hii mara ya kwanza hudhani kuna kosa la uchapaji. Kosa hakuna. Safari nzima ya mwanariadha huyu imejaa mambo ya aina hiyo: namba zinazoonekana haziendani mpaka uelewe ni nani anayehesabu, na kwa kanuni ipi. Usipoelewa, utamwona kama kijana aliyepata medali moja ya fedha nyuma ya Usain Bolt kisha akapotea. Huko ni kumpunja sana.

Tuanze na ramani. Shirikisho la Riadha Duniani, lililoitwa IAAF hadi 2019 na sasa linaitwa World Athletics, limeigawa dunia katika kanda sita. Amerika zina kanda mbili: Amerika Kusini, na ile ya Amerika Kaskazini, ya Kati na Karibi, ambayo hufupishwa NACAC. Kosta Rika, Guatemala, Honduras, Nikaragua, El Salvador na Belize zote ziko NACAC. Panama iko Amerika Kusini, ndani ya CONSUDATLE, shirikisho lililoundwa Buenos Aires mwaka 1918 na lenye wanachama 13. Nchi yenyewe ilikuwa sehemu ya Kolombia hadi 1903, na kwenye michezo bado inaelekea kusini mara nyingi: hushiriki Michezo ya Bolivar, iliyoanzia Bogotá mwaka 1938, na Michezo ya Amerika Kusini pia. Kwenye soka mambo hugeuka. Huko Panama iko CONCACAF pamoja na Marekani na Mexiko, na hata Guyana na Surinam, ambazo ziko Amerika Kusini kabisa, huchezea CONCACAF. Kwa hiyo usichukue kanda ya soka ukaitumia kwenye riadha.

Jambo hili lina uzito wake kwa mkimbiaji, kwa sababu kanda ndiyo inayoamua utakimbia na nani kwenye ubingwa wa kanda. Mkimbiaji wa mbio fupi wa Kosta Rika akitaka ubingwa wa kanda yake anakutana na Marekani, Jamaika, Kanada, Bahama, Trinidad na Tobago. Mpanama anakutana na Brazili, Kolombia, Ekuador, Venezuela. Nao ni wepesi, lakini hawajai njia zote nane kwa kiwango cha Wajamaika. Ndiyo maana nilitajapo jina la Nery Brenes hulitaja kwa heshima ya pekee. Mkosta Rika huyo alitwaa dhahabu ya mita 400 kwenye Mashindano ya Dunia ya Ndani, Istanbul, Machi 2012, kwa sekunde 45.11, mbele ya Wabahama wawili, Demetrius Pinder na Chris Brown. Hiyo ni dhahabu ya dunia kwa mtu ambaye ndani ya kanda yake mwenyewe njia ni nyembamba sana.

Upande wa pili wa faida ya Panama ni kalenda iliyofurika. Mpanama anaweza kuitwa kwenye mashindano ya riadha ya Amerika ya Kati (CADICA), Michezo ya Amerika ya Kati, Michezo ya Amerika ya Kati na Karibi, ubingwa wa Amerika Kusini, Michezo ya Amerika Kusini, Bolivar, mashindano ya nchi zinazozungumza Kihispania na Kireno, na Michezo ya Pan American, kabla hujagusa Mashindano ya Dunia wala Olimpiki. Si yote huwa mwaka mmoja, lakini hupangwa bila kuangaliana. Kamati ya taifa hutaka medali kila mahali, ilhali msuli wa nyuma ya paja hauna habari na kamati. Mkimbiaji wa mita 200 akipandishwa kileleni mara tatu kwa msimu mmoja, kwa kawaida kile cha tatu hakifiki, au kinafika na bandeji.

Mfumo wa sasa wa viwango vya dunia umeongeza ugumu mwingine. Kwa mita 100 na 200 huchukuliwa wastani wa matokeo matano bora ya miezi 12, na kila tokeo hupata alama za muda pamoja na alama za nafasi. Alama za nafasi hutegemea daraja la mashindano: ubingwa wa kanda una alama nyingi, mkutano mdogo wa jirani una chache mno. Kushinda kwa 20.40 nyumbani kunaweza kukupa pungufu ya kushika nafasi ya nne kwa muda uleule ugenini. Shirikisho dogo lisilojua hesabu hii humpeleka mtu wake mbio nyingi zisizompandisha popote. Na kwa mita 200 hakuna mlango wa huruma: kwenye Olimpiki za Tokyo na Paris, nchi isiyo na mwanariadha aliyefuzu ilipewa nafasi ya upendeleo kwenye mita 100, 800 na marathoni tu. Anayetaka mita 200 alihitaji kiwango cha kufuzu, 20.24 kwa Tokyo na 20.16 kwa Paris, au nafasi nzuri kwenye viwango. Kwa Rio 2016 kiwango kilikuwa 20.50. Tofauti hiyo ya sekunde 0.34 kati ya Rio na Paris ni kubwa kuliko inavyosikika: wengi wanaokimbia 20.40 leo wangekuwa Olimpiki miaka michache tu iliyopita.

Edward hakulelewa na mfumo huu. Alipitia njia ambayo vijana wengi wa Karibi na Amerika ya Kati wameitumia, yaani chuo cha miaka miwili Marekani. Chuo chake kilikuwa Barton, mjini Great Bend, Kansas, kilekile walikopitia wakimbiaji wa mbio fupi Tyson Gay na Veronica Campbell-Brown. Vyuo vya aina hii vina ligi yao, tofauti na ya vyuo vikuu, na masharti yao ya kujiunga ni mepesi kwa kijana ambaye Kiingereza chake bado hakijakaa sawa. Anapata kocha, gym, daktari wa misuli, na mbio kila wiki dhidi ya watu wanaomzidi. Wiki hizo ndizo Panama isizoweza kumpa.

Berlin, na siku 24

Fainali ya Berlin imezikwa na rekodi ya dunia ya Bolt, 19.19. Edward alikuwa wa pili, 19.81, Wallace Spearmon wa tatu, 19.85, Shawn Crawford wa nne, 19.89, Steve Mullings wa tano, 19.98. Watu watano chini ya sekunde 20 katika mbio moja. Pengo la 0.62 kati ya wa kwanza na wa pili huwafanya watu wamwone wa pili kama msindikizaji, lakini ondoa Bolt kwenye njia yake uone kilichobaki: kijana wa miaka 19 amewashinda Spearmon na Crawford, na huyo Crawford alikuwa bingwa wa Olimpiki wa 2004.

Tazama mazingira ya muda huo pia. Kwenye mita 200, upepo hupimwa kwa sekunde 10 tangu mkimbiaji wa kwanza anapoingia sehemu iliyonyooka, kwa kipimo kinachowekwa mita 50 kabla ya mstari wa mwisho. Upepo wa mgongoni ukizidi mita 2.0 kwa sekunde, muda hauhesabiwi kwa rekodi. Berlin ulisoma −0.3, yaani ulikuwa unawapiga usoni. Tena Berlin ni mji wa tambarare. Kwenye mwinuko hewa ni nyepesi na mkimbiaji wa mbio fupi hupata msaada: Pietro Mennea aliweka 19.72 Mexico City mwaka 1979, mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, na rekodi hiyo ya dunia ilikaa hadi 1996. Kanuni haziufuti muda wa mwinuko, huishia kuutia alama ukizidi mita 1,000. Amerika Kusini ina viwanja kama vya Bogotá na Cochabamba, vyote juu ya mita 2,500, na bado 19.81 iliyokimbiwa chini dhidi ya upepo haijafikiwa huko. Aliyeisogelea sana ni Alex Quiñónez wa Ekuador, 19.87 mjini Lausanne Julai 2019, mwaka uleule alioshika shaba ya dunia Doha.

Sasa hesabu ya umri, ambayo hutajwa kwa nadra mno. Bolt alikuwa na rekodi ya dunia ya vijana ya mita 200, 19.93, aliyoiweka Bermuda mwaka 2004. Edward, akiwa na miaka 19, alikimbia kasi kuliko hiyo kwa 0.12. Kwa nini basi hakupewa rekodi ya vijana? Kwa sababu kijana, kikanuni, ni yule ambaye hatatimiza miaka 20 hadi tarehe 31 Desemba ya mwaka wa mashindano. Edward alikuwa atimize 20 tarehe 8 Desemba 2009. Angezaliwa siku 24 baadaye, yaani 1 Januari 1990, muda uleule, uwanja uleule, ungekuwa wa vijana, na hakuna kijana angeupita hadi Erriyon Knighton wa Marekani alipokimbia 19.49 mwezi Aprili 2022. Hata 19.84 ya Knighton ya mwaka 2021 isingetosha. Kwa maoni yangu hiki ndicho kipimo kizuri zaidi cha ukubwa wa mbio ile, kuliko medali yenyewe.

Mwaka 2015 na elfu za sekunde

Baada ya Berlin yalikuja majeraha, na miaka ambayo jina lake halikupanda jukwaa la dunia wala la Olimpiki. London 2012 iliishia kwenye raundi ya kwanza. Mita 200 ni kali kwa misuli kwa sababu ya kona. Katika uwanja wa kawaida wa mita 400, sehemu zilizonyooka zina mita 84.39, kwa hiyo kati ya mita 200 kama 115.6 zinakimbiwa kwenye mpindo. Mguu wa kushoto unabeba mwili ulioinama kuelekea ndani, wa kulia unausukuma, na mtu anatoka konani akiwa na kasi yake ya juu kabisa huku nyonga hazijanyooka. Hapo ndipo msuli wa nyuma ya paja hukatika. Njia za ndani zina mpindo mkali zaidi: kwenye njia ya 1 nusu kipenyo anachokimbia mtu ni mita 36.80, kwenye ya 8 ni 45.24. Kwa kasi ya mita 10 kwa sekunde, nguvu ya kumvuta nje kwenye njia ya 1 inazidi ile ya njia ya 8 kwa zaidi ya asilimia 20.

Kwa sababu hiyo nusu fainali si ya kuvuka tu. Kwa kanuni za miaka ya Edward, wanne bora walipigiwa kura ya njia za 3 hadi 6, wawili waliofuata 7 na 8, na wawili wa mwisho wakaachiwa 1 na 2. Anayelegea mita 30 za mwisho ili aokoe nguvu anaweza kuamka kesho yake ametupwa njia ya 1. Anayekaza sana anaingia fainali na mapaja mazito. Hakuna kocha aliyepata jibu moja la swali hilo.

Msimu wake wa 2015 unaonyesha jinsi mita 200 inavyoweza kuwa na ukali wa wembe. Julai, Michezo ya Pan American, Toronto: Andre De Grasse wa Kanada 19.88, Rasheed Dwyer wa Jamaika 19.90, Edward 19.90. Shaba. Agosti, Mashindano ya Dunia, Beijing: Bolt 19.55, Justin Gatlin 19.74, Anaso Jobodwana wa Afrika Kusini 19.87, Edward 19.87. Nafasi ya nne. Mara mbili katika wiki chache alilingana na mtu kwenye ubao, na mara mbili akawekwa nyuma yake.

Watu huuliza: kama muda ni mmoja, kwa nini wasipewe nafasi moja? Kamera ya mstari wa mwisho haipigi picha kama tunazozijua. Inatazama kupitia ufa mwembamba uliolenga mstari tu, na inarekodi mstari huo angalau mara 1,000 kwa sekunde, kipande baada ya kipande, kisha vipande vinaunganishwa kuwa picha moja ndefu. Kila kilichoko kwenye picha hiyo kiko mstarini. Kinachotofautiana kutoka kushoto kwenda kulia ni wakati. Msomaji wa picha huweka kishale kwenye kiwiliwili. Kichwa, shingo, mikono na miguu havihesabiwi, ndiyo maana wakimbiaji hujitupa kifua mbele. Muda husomwa hadi elfu ya sekunde, kisha kwa tangazo rasmi hupandishwa hadi sehemu ya mia inayofuata: 19.861 inatangazwa 19.87, na 19.870 vilevile inatangazwa 19.87. Kwa hiyo wawili wenye 19.87 ubaoni wanaweza kuwa wametengana kwa hadi 0.009. Kwa kasi ya mwisho ya wakimbiaji hawa, elfu moja ya sekunde ni kama sentimita moja. Nafasi hupangwa kwa zile elfu, siyo kwa kilichotangazwa. Sare hutolewa pale tu zinapolingana nazo.

Sentimita hizo zina bei. Zawadi za Beijing kwa mtu mmoja mmoja zilikuwa dola 60,000 kwa dhahabu, 30,000 fedha, 20,000 shaba, 15,000 nafasi ya nne. Kwa hiyo dola 5,000 zilikwenda pale pale. Lakini hasara kubwa haiko kwenye bahasha. Mdhamini, kamati ya taifa, na mwandishi wa wasifu wote huandika "medali" au "hakuna medali". Aliyekimbia 19.87 akawa wa nne huandikwa sawa na aliyetolewa raundi ya kwanza.

Mataji matatu

Mashindano yanayompa Edward haki yake ni Diamond League, mfululizo wa mikutano ya riadha wa kila msimu. Alikuwa bingwa wa mita 200 mwaka 2014, 2015 na 2016, mfululizo. Hapa inabidi kuwa makini, kwa sababu ubingwa wa wakati ule si sawa na wa leo. Kila tukio liliwekwa kwenye mikutano saba kwa msimu. Hadi 2015 waliopata alama walikuwa watatu wa kwanza tu, 4, 2 na 1, na kwenye mkutano wa mwisho, Zürich au Brussels, alama zikawa mara mbili. Mwaka 2016 alama zilipanuliwa hadi wa sita: 10, 6, 4, 3, 2, 1, na mwishoni mara mbili. Mwenye jumla kubwa alipata kombe na dola 40,000. Tangu 2017 alama hutumika kukuingiza fainali tu, na anayeshinda siku hiyo ndiye bingwa.

Kwa mfumo wa zamani, kushinda kulidai mtu awe mzima kuanzia Mei hadi Septemba, avuke bahari na saa za miji, na awe ndani ya watatu bora karibu kila alipotokea. Bolt hakuzifukuza alama hizo, na Gatlin, aliyekuwa mkali sana 2014 na 2015, alipeleka nguvu zake zaidi kwenye mita 100. Ni haki kulisema hilo. Hata hivyo kwa mtu ambaye misuli yake ilikuwa imemsumbua miaka kadhaa, misimu mitatu ya kutokosa ni kazi kubwa, na ningeiweka mbele ya fedha ya Berlin kama ushahidi kwamba hakuwa mtu wa siku moja.

Rio 2016 alibeba bendera ya Panama na kufika fainali. Upepo wa mbele wa 0.5, Bolt 19.78, De Grasse 20.02, kisha watu watano waliobanana: Christophe Lemaitre 20.12, Adam Gemili 20.12, Churandy Martina 20.13, LaShawn Merritt 20.19, Edward 20.23. Nafasi ya saba, sekunde 0.11 kutoka shaba. Tokyo, 2021, alishika tena bendera, safari hii pamoja na bondia Atheyna Bylon.

Panama imewahi kuwa na medali za Olimpiki za mbio fupi. Mwaka 1948 London, Lloyd LaBeach, mtoto wa wahamiaji kutoka Jamaika na mwanariadha pekee wa nchi yake kwenye michezo hiyo, alichukua shaba ya mita 100 na shaba ya mita 200. Nchi ilisubiri miaka 60 kupata nyingine, dhahabu ya Irving Saladino ya kuruka chini Beijing 2008. Edward hakuongeza kwenye hesabu hiyo. Lakini LaBeach hakukutana na mzunguko wa alama na elfu za sekunde kama uliopo sasa, na kuwalinganisha kwa idadi ya medali peke yake hakumtendei haki yeyote kati yao. Anayetaka kuwalinganisha na achukue nafasi zao katika orodha ya dunia ya kila msimu, aone ni wangapi waliokuwa mbele yao mwaka ule, na aangalie upepo na mwinuko kando ya kila muda kabla hajaandika neno.